Ewe Baba, Usiusaini Mkataba Unaokuambia Uje Peke Yako



Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wiki mbili zilizopita, baada ya Swala ya Isha, mzazi mmoja wa hapa kwetu Gitega alinisubiri mlangoni mwa msikiti akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na mkataba. Kazi ya ulinzi Dubai, miaka 2, mshahara dirhamu 1,500 kwa mwezi, pa kulala panatolewa na kampuni. Kwa hesabu ya hapa hizo ni zaidi ya faranga 500,000, na mzazi huyu kwa kubeba abiria kwenye moto hafikishi hata nusu yake akishatoa mafuta. Ana watoto 3, na 2 kati yao nawasomesha mimi.

Akaniambia, "Ustadh, niswalie istikhara, wakala anataka jibu mwisho wa mwezi." Nikamwambia istikhara huswaliwa na mwenye jambo lake, haiagizwi kama sukari dukani. Kisha nikamuuliza mkewe anasemaje. Akacheka. "Atasema nini tena Ustadh, si ni kwa ajili yao?" Nikamwambia basi mimi nina swali moja tu, akinijibu nitamuombea dua mpaka ndege ipae: kwa hiyo miaka 2, baba wa hawa watoto atakuwa nani?

Alikasirika. Tangu siku ile salamu yake ni ya mbali. Wapo waliomsikia wakasema Ustadh ana husuda, Ustadh hataki watu waendelee. Kwa hiyo naandika, ili nisikike na wote badala ya kunukuliwa vibaya kwenye chai na chapati za Biryogo.

Kwanza niseme nisizozuliwa. Safari ya kutafuta riziki si haramu. Katika Suratul-Jumu'a Allah (SW) ametuamrisha kwamba swala ikishakwisha tutawanyike katika ardhi tuitafute fadhila Yake, na mtu mwenye nguvu anayekaa barazani huku mwanawe analala na njaa ana mas-ala mazito mbele ya Mola wake. Isitoshe, sisi Waislamu wa Kigali ni watoto wa wasafiri. Mji huu ulipoanzishwa mwaka 1907, waliofuatana na Wajerumani walikuwa askari, makarani na wachuuzi waliosema Kiswahili, waliotoka pande za Ujiji, Tabora, Bukoba na pwani. Msikiti wa Al-Fatah ukasimama mwaka 1913. Wabelgiji walipokuja wakawakusanya wazee wetu katika kambi yao, Kambi ya Waswahili, na mtu akitaka kutoka kwenda kwingine ilimlazimu apate ruhusa. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu hakuwa na nafasi humo, ndiyo maana wazee wetu wakawa madereva, makanika, mafundi cherehani na wafanyabiashara. Babu yangu mzaa baba alikuwa dereva wa lori. Kwa hiyo mtu asinifundishe mimi utamu wa barabara.

Lakini dereva wa lori anarudi! Kutoka Kigali hadi Dar es Salaam kupitia Rusumo ni kama kilomita 1,500. Anakwenda, anapakia, anarudi na samaki na nazi, anauliza nani amekohoa, nani amefukuzwa shule, anachapa, anacheka, analala kwake siku tatu nne, anaondoka tena. Watoto wanajua harufu ya koti lake. Safari ile na hii ya kwenye bahasha zinaitwa kwa jina moja, ila ni vitu viwili.

Wanaosafiri wanapenda sana kunitajia Hijra. "Ustadh, hata Mtume (SAW) alihama." Naam, alihama. Na wananitajia Abdurrahman bin Auf (RA), aliyefika Madina mikono mitupu, akaunganishwa udugu na Saad bin Rabi'i (RA) ambaye alimpa nusu ya mali yake, naye akaikataa, akaomba aonyeshwe tu soko liko wapi. Akaanza kwa kuuza jibini na samli, akawa tajiri. Kisa kizuri mno, nami huwasomesha watoto, maana kinafundisha kwamba mgeni katika mji mpya aanze na kazi, asianze na kuombaomba.

Ila watu wakikisimulia wanaishia sokoni. Hawaendelei na habari za mwenye Hijra yenyewe. Mtume (SAW) alipofika Madina alifikia nyumbani kwa Abu Ayyub Al-Ansari (RA). Nyumba ya watu, yeye mwenyewe hajapata hata chumba. Imepokewa katika vitabu vya sira kwamba akiwa katika hali hiyo alimtuma Zayd bin Haritha na Abu Rafi'i (RA) warudi Makka, akawapa ngamia 2 na dirhamu 500, wakamletee binti zake Fatma na Ummu Kulthum na mkewe Bibi Sauda (RA). Ndugu msomaji, hebu tafakari. Mtu ni muhajiri, hana kwake, maadui wanamtafuta, na katika matumizi yake ya mwanzo kwenye mji mpya zipo dirhamu 500 za kuwaleta wa nyumbani kwake. Hakusema ngoja kwanza nijenge. Hakusema ngoja mambo yakae sawa.

Sasa tulinganishe dirhamu na dirhamu. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2019, mfanyakazi mgeni anayetaka kuwa mdhamini wa mke na watoto wake lazima awe na mshahara wa dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na makazi. Chini ya hapo hawapewi ukaazi wa kuishi naye. Mkataba wa kwenye bahasha ni 1,500. Kwa hiyo soma vizuri karatasi unayopewa, ewe baba. Haikuandikwa wazi, lakini inasema: tunataka mikono yako, mkeo na wanao hatuna nafasi nao. Ule mshahara umeshaamua kabla hujaamua wewe. Umekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja anayelala kitanda cha juu katika chumba cha watu 8, Sonapur au Al Quoz, na kuvishwa sare asubuhi. Hujakosa bahati, ndivyo ilivyopangwa.

Sikulaumu nchi ile kwa kuwa na kanuni zake, kila nchi ina zake. Nakulaumu wewe unayeona maandishi makubwa ya dirhamu na huoni maandishi madogo ya ndoa yako.

Kuna kisa kingine cha Hijra ambacho hakisimuliwi sana na mawakala wa viza. Ummu Salama (RA) alitoka Makka na mumewe Abu Salama na mtoto wao mdogo Salama, wote watatu juu ya ngamia mmoja. Jamaa zake mwanamke wakamzuia mumewe, wakamnyang'anya kamba ya ngamia, wakamchukua binti yao. Jamaa za mume wakaja juu wakadai mtoto ni wao, wakamvuta baina yao mpaka mkono wa mtoto ukateguka. Abu Salama akaenda Madina peke yake. Mwanamke yule akawa anatoka kila asubuhi anakwenda kukaa Abtah, analia mpaka jioni, muda wa mwaka mmoja au karibu yake, hadi jamaa zake wakamhurumia. Tunapousoma mkasa huu tunawalaani wale watu kwa ukatili wao: wamemtenga mume huku, mke huku, mtoto kule.

Sisi hakuna kabila lililotunyang'anya kamba. Tunaivuta wenyewe, tunasaini, na juu yake tunalipa ada ya wakala.

Na kizazi changu hapa Kigali, sisi tuliofika miaka ya arobaini, hatuhitaji kuambiwa nyumba isiyo na baba inakuwaje. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 tulikuwa watoto. Wapo rafiki zangu waliokua bila hata picha ya baba ukutani. Hao hawakuulizwa. Leo mtu aliyekua hivyo, anayejua hasa uzito wake, anauchukua wino kwa hiari yake na kumpa mwanawe sehemu ya kitu kile kile kwa miaka 2, kisha 2 mingine, kisha "namalizia nyumba" miaka 2 tena. Mtoto wa miaka 6 anakuwa wa 12. Umri huo ndio Mtume (SAW) aliotuwekea kazi: tuwaamrishe swala wakiwa na miaka 7, tuwe wakali wakifika 10. Amri hiyo alipewa mzazi. Mimi Ustadh nina saa moja na nusu baada ya shule, na watoto 40 mbele yangu.

Mtu ataniambia, "Lakini Ustadh, Dubai ni nchi ya Kiislamu, adhana inasikika kila kona, na hapa kwetu tangu mwaka 2018 vipaza sauti vya adhana vilizimwa." Kweli vilizimwa, mwezi wa Machi mwaka huo, kwa sababu ya kelele, na wengi tulihuzunika. Lakini niambie, adhana unayoisikia wewe Deira inamwamsha nani Gitega? Baada ya vipaza sauti kuzimwa, kitu gani kilibaki cha kumwamsha mtoto Alfajiri? Ni mkono wa baba unaovuta blanketi. Sasa na mkono nao umesafiri. Kwa hiyo hoja yako inakugeukia: kama mji wetu una sauti ndogo ya dini, ndivyo nyumba inavyohitaji sauti zaidi. Isitoshe walinzi kadhaa waliorudi wamenieleza wenyewe kuwa zamu zao zilikuwa za saa 12, na Ijumaa waliisikia khutba wakiwa wamesimama getini.

Wengine wanapanda juu zaidi, wananiletea Nabii Ibrahim (AS), kwamba alimwacha Bibi Hajar na mtoto mchanga katika bonde lisilo na mmea. Subhanallah! Bibi Hajar alimfuata akimuuliza, naye hakugeuka, mpaka alipouliza kama ni Allah (SW) aliyemwamrisha. Akajibu ndiyo. Hapo ndipo akaridhika na kurudi. Je, wewe ni nani aliyekuamrisha? Wakala mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la simu? Mkeo akikuuliza swali la Bibi Hajar utamjibu vipi?

Na simu, wanasema, siku hizi kuna simu, unamuona mtoto uso kwa uso. Mimi namuona mtoto huyo jioni yake. Baba anapiga video, mtoto anamwambia "nimeswali baba", kwa sababu simu haina macho ya kuona udhu. Baba anafurahi. Kisha anapiga kwangu: Ustadh, nasikia mtoto hashiki maneno ya mama yake, hebu mchape kidogo. Nimepigiwa simu za aina hiyo na wazazi wasiopungua 5. Wananituma niwapigie watoto wao kama wanavyotuma pesa kwa MoMo. Tangu mwaka jana nimeacha kuitikia. Fimbo ya mtu asiyejulikana na mtoto kwa upendo ni fimbo tu.

Mkitaka kujua kwa nini nina uchungu na jambo hili, ni kwamba nilikwenda. Mwaka 2012 niliacha madrasa nikaenda Sharjah, ghala la vigae, nikakaa miezi 18. Mkataba wangu nao ulikuwa wa kuja peke yangu. Sikudhulumiwa, nililipwa kila mwezi, nikalipa madeni ya mazishi ya mama, nikanunua kiwanja. Hayo ni kweli na sitayaficha. Nilirudi nikamkuta kifungua mimba wangu anasoma Al-Fatiha vizuri kabisa, herufi zimetoka mahali pake. Nikamuuliza nani kakufundisha. Akamtaja jirani yetu, mzee muuza mkaa. Allah amlipe mzee yule kila heri, ameshatangulia mbele ya haki. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu Al-Fatiha kwa kazi, Al-Fatiha ya mwanangu nilimuachia muuza mkaa, kwa bei ya kiwanja. Kiwanja chenyewe mpaka leo kina msingi tu, na mbuzi wa jirani.

Sharia haikuliacha jambo hili wazi. Sayyidna Umar (RA) alipokuwa akizunguka usiku Madina alimsikia mwanamke akilalamika upweke, mumewe yuko jihadi. Akamwendea binti yake Hafsa (RA) akamuuliza mwanamke anaweza kumsubiri mumewe kwa muda gani. Katika riwaya moja akajibu miezi 4, katika nyingine 6. Umar akatoa amri askari asizuiliwe zaidi ya muda huo. Na Imam Ahmad alipoulizwa mtu anaruhusiwa kuwa mbali na mkewe kiasi gani, akasema miezi 6. Hawa ni watu waliokuwa wakilinda mipaka ya Uislamu, siyo geti la maduka. Na wale vijana waliokuja kwa Mtume (SAW) na Malik bin Huwayrith (RA), walikaa kwake siku 20 wakijifunza dini kutoka kwenye kinywa chake kitukufu. Alipoona wamewatamani watu wa nyumbani kwao, akawaamrisha warudi kwao, wakakae nao na kuwafundisha. Siku 20, mbele ya Mtume mwenyewe! Ni kazi gani iliyo Dubai iliyo bora kuliko hiyo?

Mke ana haki ya kuulizwa, na kuulizwa si kuarifiwa. Akikataa muda uliozidi huo ana hoja katika fiqhi, hajawa mkaidi. Na mama wanaoniambia, "Ustadh, nilimkubalia kwa kuwa niliona aibu kusema nitakuwa mpweke," nawaambia semeni. Semeni kabla ya ndege. Baadaye fitina ikiingia, kwake au kwako, mtaa mzima utakuhukumu wewe uliyebaki, na yeye atasamehewa kwa kuwa alikuwa ughaibuni anahangaika.

Na hali inakuwa nzito zaidi anaposafiri mama, kwenda kulea watoto wa watu Muscat au Kuwait huku wake wanalelewa na bibi. Hilo nina maneno nalo mengi, ila nitaliandika siku nyingine, maana wengi wao ni wajane au wameachwa, na anayestahili kulaumiwa mara nyingi hayuko hata kwenye picha.

Sasa nifike kwenye jibu gumu zaidi, ambalo mzazi yule aliniambia kwa sauti ya chini kabla hajakasirika. "Ustadh, kodi ya nyumba nadaiwa miezi 2. Mituweli sijalipa. Wewe utanilipia?" Sina pa kukwepea hapo. Sitamlipia, kwa sababu sina. Na ni aibu yetu sote: tunachanga kwa ajili ya zulia jipya la msikiti katika wiki moja, tena kwa kushindana, na mtu aliye safu ya pili anafikiria kuiuza miaka 2 ya watoto wake kwa deni la kodi ya miezi 2. Kama zaka yetu ingegawiwa kwa kuangalia nani yuko karibu kuondoka, safari nyingine zisingekuwepo. Nimewaambia wazee wa msikiti, na wakinisoma hapa wajue nitawaambia tena.

Lakini hata kwa mwenye dhiki, mlango si mmoja. Wakala anakuonyesha Dubai kwa sababu Dubai ndiyo inayomlipa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake mfanyakazi wa nchi mwanachama ana haki ya kufuatana na mke na watoto wake. Hebu linganisha na ile karatasi! Tangu mwaka 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha kukuvusha kwenda Uganda na Kenya. Kampala, Mbarara, Mombasa, Dar es Salaam, Mwanza. Na kwenye miji mingi ya hiyo Kiswahili chako kinasikika kabla hujamaliza salamu, madrasa zipo, na mtu ukimtajia Nyamirambo anamjua fulani. Mshahara ni mdogo kuliko 1,500 za dirhamu, sikatai. Lakini humo mnaingia watano.

Na hata huko karibu kuna somo. Mipaka ina wenyewe. Gatuna ilifungwa mwishoni mwa Februari 2019, haikufunguliwa mpaka tarehe 31 Januari 2022, na katikati korona ikaongezea yake. Watu waliokuwa na kazi Kampala na familia Kigali, saa chache za basi tu, wakajikuta kama wako pande mbili za bahari. Waliohamia na watoto wao walikula ugali mkavu, lakini waliula pamoja. Waliokwenda peke yao wengine waligundua kwamba umbali haupimwi kwa kilomita. Basi kama mji wa saa chache unaweza kukufungia miaka karibu 3, nani kakudhaminia mji wa kuvuka bahari?

Sipingi kila anayekwenda Ghuba. Muuguzi, mhandisi, fundi mwenye cheti, mtu ambaye mshahara wake unafika ile 4,000 na zaidi, akaenda kwanza miezi mitatu minne kutafuta nyumba, kisha akawaleta, huyo amefuata mwendo wa Zayd na ngamia 2. Apige hesabu ya ada za shule tu, maana watoto wa wageni wengi kule wanasoma shule za kulipia na si bei rahisi. Na kijana asiyeoa, wazazi wake wameridhia na wana wa kuwatazama, aende, arudi na mtaji aoe. Maneno yangu ni kwa baba wa watoto wadogo mwenye mkataba wa mtu mmoja. Na ikiwa amekwisha kusaini na tiketi iko mfukoni, basi aandike tarehe ya kurudi mbele ya mkewe na mashahidi wawili kama tunavyoandika deni, na tarehe hiyo isisogezwe kwa sababu ya bati wala marumaru.

Nasi walimu tujiangalie. Mbona hatusemi haya kwenye mimbari? Kwa sababu wanaporudi likizo wanatuletea kanzu, tende, miswaki na simu. Kanzu niliyovaa Idi iliyopita ilitoka kwa mmoja wao. Niliipokea, nikamuombea dua, sikumuuliza watoto wake wanaishi na nani, ingawa nilikuwa najua jibu. Tumekuwa mabubu kwa tende. Mtu anaweka kwenye status yake picha amesimama mbele ya Burj Khalifa, mita 828, na sisi masheikh ndio wa kwanza kuandika Mashaallah. Hakuna anayeweka picha ya kile kitanda cha juu.

Kwako ndugu yangu mwenye bahasha, najua utasoma, kwa kuwa mkeo husoma ukurasa huu na atakupa simu. Sijakutaja na sitakutaja. Mwisho wa mwezi haujafika. Mwanao mkubwa amemaliza Suratul-Bayyina na mdogo anajikwaa bado kwenye Suratul-Qaari'a, anaruka aya moja kila siku pahala pale pale. Jumamosi baada ya Alasiri watasoma mbele ya wazazi. Mkeka wa akina baba umetandikwa upande wa kulia, karibu na dirisha. Mara iliyopita walikaa watu 4.

Wabillahi tawfiiq.

Ndugu yenu katika Uislamu, mwalimu wa madrasa, Gitega, Kigali.